Bei ya Jumamosi

Royce Hensley aliiacha bei kwenye simu mezani ikiwa dola sitini na tisa kwa mtu mmoja, akaenda chumbani kuchukua kadi ya benki. Aliporudi akaikuta themanini na nne.

"Darla!" aliita. "Umeigusa hii simu?"

"Mikono yangu iko kwenye maji ya vyombo," mkewe alijibu kutoka kwenye sinki. "Nimeigusa kwa pua?"

"Basi imepanda yenyewe. Nimekwenda chumbani na kurudi. Hata soksi sijavua."

Darla alijifuta mikono, akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na kalenda ya bustani ya michezo ya Cardinal Gap. Jumanne na Jumatano, siku ambazo watoto wako shule na wakubwa wako kazini, zilikuwa kijani na bei nafuu. Jumamosi ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Chini kabisa, kwa herufi za kumtoa mtu machozi, paliandikwa kwamba bei hubadilika kulingana na wingi wa wageni.

"Ungekata tiketi Februari," alisema Bibi Oleta, mama yake Royce, ambaye alikuwa dirishani akimenya maharage ya kesho. "Mke wa mchungaji alikata Februari. Dola thelathini na tisa."

"Mama, Februari mimi ningejuaje kama Darla atapata Jumamosi?"

Darla alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ratiba ya zamu ilibandikwa Alhamisi jioni, na kabla ya hapo hata kufa ilibidi uombe ruhusa. Alhamisi hii alikuta jina lake halipo Jumamosi. Akarudi nyumbani, akamwambia Brielle bila hata kuvua aproni, "Keshokutwa tunakwenda Cardinal Gap." Hakusema tutajaribu. Alisema tunakwenda.

Brielle alikuwa na miaka kumi. Mama yake, Shawna, dada yake Royce, alikuwa katika nyumba ya kutibiwa uraibu wa vidonge, na tangu Januari korti ilikuwa imemweka mtoto kwa mjomba wake. Shawna alimwahidi Cardinal Gap kila kiangazi, na kila kiangazi likatokea jambo. Darla alilijua hilo, ndiyo maana alichagua neno lake kwa uangalifu. Sasa mtoto alikuwa ameshika taulo na sahani, akiwasikiliza.

"Haidhuru, Anti," alisema. "Mimi hata sipendi sana mambo ya kuzungushwa."

Hakuna aliyemwamini. Jana yake tu alijipima kimo mlangoni mwa friji mara mbili ili kuhakikisha anafikia urefu wa kuruhusiwa kupanda Punda Mkaidi, ile treni ya mbao inayopanda juu ya kilima na kuporomoka upande wa pili.

Royce alizima simu. Pesa waliyokuwa nayo ilikuwa dola mia tatu, jasho la kubadilisha matairi ya mabasi ya kanisa siku zake za mapumziko. Kwa bei ya kwanza zingetosha watu wanne na kubaki kidogo. Kwa bei ya sasa hazikutosha.

"Hatukati kwenye simu," aliamua. "Simu inaona una haraka, inakupandishia. Mlangoni kuna mtu. Mtu unaongea naye."

"Na mtu akikataa?"

"Umeshawahi kuniona nakataliwa?"

"Nilikukataa mara mbili kabla hatujaoana," Darla alisema, na Bibi Oleta akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Safari ilikuwa ndefu, milima kwa milima, Brielle na bibi yake wakiwa kiti cha nyuma cha pikapu. Walipofika, kabla hawajaona lango, waliona foleni ya magari na kijana mwenye fulana ya njano anayepokea pesa za maegesho.

"Thelathini na tano," alisema.

"Nalaza gari au nalala nalo?" Royce aliuliza.

Kijana alikwisha kulisikia hilo siku nyingi. "Ukitaka kugeuza, bwana, geuzia pale. Lakini nyuma yako wanapiga honi."

Walikuwa wanapiga kweli. Royce alilipa. Hivyo ndivyo walivyoliwa pesa ya kwanza hata kabla ya kujua ya pili ni kiasi gani. Ya pili walikuja kuiona kwenye ubao mkubwa wa taa juu ya madirisha ya tiketi. LEO: DOLA 104.

"Mia na nne," Darla alisoma polepole, kama mtu asomaye jina la ugonjwa wake kwenye karatasi ya daktari.

"Hiyo ni ya kutisha watu," Royce alisema. "Tupange foleni."

Foleni ilikuwa imejaa manung'uniko. Mbele yao alisimama mama mmoja mwenye kofia pana ya jua, mwalimu mstaafu kutoka Knoxville, ambaye hakuhitaji kununua kitu. Alikuja kubadilishiwa jina la mjukuu kwenye tiketi aliyokwisha kulipia. Nyuma yao alikuwa jitu la mtu mwenye shati la rangi ya machungwa, akiwa na mkewe na mapacha wa kiume kwenye kigari cha kusukuma.

"Sisi tulikata Februari," mwalimu alimwambia Darla bila kuulizwa. "Thelathini na tisa. Ukipanga mambo mapema, hakuna shida."

Mwenye shati la machungwa aliinua kichwa. "Ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mimi nimelipa tisini na nne leo asubuhi hotelini, na bado nimeambiwa nije hapa kwa sababu tiketi ya kwenye simu yangu haisomeki." Alimtazama mama yule juu mpaka chini, kisha akajitazama mwenyewe. "Yaani mimi na wewe tutakalia kiti kimoja, treni moja, halafu matako yangu yamelipa mara mbili na zaidi ya yako?"

"Kwa ukubwa wake ni haki," mkewe alisema, na foleni nzima ikalipuka kwa kicheko.

Lakini kicheko kiliwasha moto. Kila mtu alianza kumwuliza jirani yake amelipa ngapi. Wa sabini na tisa alimwona wa tisini na nne kuwa mjinga, akaambiwa kuna wa hamsini na tano, akanyamaza. Baba mmoja alimgeukia mkewe: "Si nilikwambia tukate wiki iliyopita?" Mke akamjibu kwamba wiki iliyopita yeye ndiye aliyesema tusubiri itashuka. Watu waliotoka makwao wakiwa na furaha sasa walitazamana kama warithi wa shamba moja.

"Wangepanga," mwalimu alirudia kwa upole, akimwambia Darla tu, kama mwenzake.

"Mama," Darla alisema, "mimi kazini naijua Jumamosi yangu Alhamisi jioni. Nipange nini?"

Mwalimu uso ulimwiva kwa aibu. Alipomaliza shughuli yake dirishani alimgusa Darla mkono, akaenda zake.

Karani wa dirisha alikuwa msichana aliyeitwa Marisol, jina lilikuwa kifuani. Royce alivua kofia, akaegemea dirisha kama anayetaka kuposa.

"Binti, habari za kazi? Tuko wanne. Nyumbani bei ilikuwa sitini na tisa jana jioni, niliiona kwa macho yangu. Sasa wewe na mimi tufanye hiyohiyo, hata sabini, tusigombane."

"Ningefurahi, bwana, lakini si mimi ninayepanga. Bei inafuata wageni. Wakiwa wengi, inapanda. Ni kama tiketi za ndege."

"Ndege inanipeleka mahali!" Royce alisema. "Hii inanizungusha na kunishusha palepale iliponichukua!"

Watu nyuma walicheka, wengine wakapiga makofi. Marisol naye alitabasamu, kisha akageuka haraka kuangalia kama msimamizi wake ameona.

"Na wageni wakiwa wachache je?" Ilikuwa sauti ya Bibi Oleta.

"Inashuka, bibi."

"Siku hiyohiyo?"

Marisol alishusha sauti. "Hata saa hiyohiyo. Lakini mimi siruhusiwi kumwambia mtu asubiri." Akatazama juu ya bega la Royce, kule mbali milima inakopandana, akatazama tena mashine yake. "Nikukatie wangapi, bwana?"

Royce alikuwa na noti mkononi. Alizipanga, akazipangua. Ziliwatosha wawili, na ya kununulia maji.

"Ingieni nyie wawili, wewe na mtoto," Bibi Oleta alimwambia Darla. "Mimi magoti yangu yamepanda milima ya kutosha. Royce atakaa nami garini."

"Songeni basi!" mtu alipaza sauti nyuma.

Hapo ndipo Brielle alipouchukua mkono wa Darla, akaupapasa taratibu kwa kiganja chake, juu na chini.

"Twende nyumbani tu, Anti," alisema, huku akitabasamu. "Nimeshaiona kutoka hapa nje. Inatosha kabisa. Imekuwa safari nzuri sana."

Alisema kama bibi kizee anayemliwaza mfiwa. Kwa miezi yote hiyo walikuwa wakijisifu, yeye na Royce, jinsi mtoto huyu alivyo mpole, asiyedai kitu, asiyenuna. Sasa, mbele ya dirisha la tiketi, aliona kwamba haukuwa upole. Ilikuwa kazi. Mtoto alikuwa kazini.

Walitoka kwenye foleni wakapita katikati ya watu wanaokuja, wanne dhidi ya mkondo, wakisema samahani, samahani. Mapacha wa kwenye kigari waliwapungia mikono.

Darla hakufika mbali. Karibu na pipa la taka alipiga goti moja ili macho yake na ya Brielle yalingane.

"Nani amekufundisha kunibembeleza?"

Brielle alishtuka. "Hakuna mtu."

"Mimi nikihuzunika, wewe unaogopa nini?"

"Mama akihuzunika..." alianza, kisha akachezea zipu ya jaketi lake.

"Sikia. Mimi nitahuzunika, nitakasirika, nitampigia kelele mjomba wako kwa sababu anastahili. Halafu nitakwenda kupika. Hakuna kinachovunjika. Mimi ndiye mkubwa, sawa? Wewe sema unachotaka. Nikishindwa kukipata, huo ni mzigo wangu, si wako."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, lakini hakusema anachotaka. Aliangalia viatu vyake tu.

Walikula kwenye maegesho, wamekalia ubao wa nyuma wa pikapu: mkate na nyama ya bolonya, maharage baridi ya Bibi Oleta kwenye kopo, chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kutoka pale walisikia Punda Mkaidi aking'oka, tak-tak-tak juu ya mbao, kimya kidogo, halafu mayowe ya watu.

"Tukiondoka sasa tutafika mapema," Royce alisema.

"Hatuondoki. Tunasubiri."

"Tunasubiri nini? Kiama?"

"Mvua."

Royce alitazama mbingu. Ilikuwa nyeupe kwa joto, safi kama sahani. "Mama, goti lako linasemaje?"

Bibi Oleta alilikanda goti kwa umakini. "Halisemi kitu."

"Umesikia? Goti la Mama limekataa."

"Goti la Mama lilitabiri mvua mwaka mzima wa ukame," Darla alisema. "Yule binti dirishani alitazama milimani. Anakaa pale kila siku, anaujua mchana wa hapa."

"Darla, tumechekwa vya kutosha. Mtu mzima anajua wakati wa kwenda nyumbani."

"Nenda basi. Utuache hapa na maharage."

Alikuwa bado anamtazama mumewe kwa hasira simu yake ilipolia. Ilikuwa Trudy, msimamizi wa zamu jikoni.

"Darla, mpenzi, niokoe. Mpishi wa jioni hakuja. Na wageni wa Jumamosi wamefurika, familia zote zimekuja kuona wazee wao. Unaweza kuingia saa kumi?"

Royce alionyesha kwa ishara: kubali, kubali, pesa hiyo. Darla alitazama ubao wa taa, ambao ulionekana hata kutoka pale, mwekundu. Bado ulikuwa mia na nne.

"Unanilipa ngapi?" aliuliza.

Trudy alishangaa. "Ngapi? Si ileile ya siku zote?"

"Ileile ya Jumanne?"

"Una nini leo, Darla?"

"Sina kitu. Nauliza tu. Umesema umefurikiwa na watu, mpishi huna, na unanihitaji sasa hivi. Mahali nilipokaa hapa, mambo yakiwa hivyo bei inapanda."

Bibi Oleta aliacha kutafuna.

"Sina mamlaka ya kukupandishia," Trudy alisema, sauti imepoa.

"Najua. Na mimi leo sina nafasi. Nitakuona Jumatatu." Alikata simu, akaiweka juu ya ubao wa pikapu. Miaka kumi na moja katika kazi ile hakuwahi kumjibu mtu hivyo.

"Jumatatu atakupeleka kwenye kuosha masufuria," Royce alisema.

"Huenda."

Royce alimkatia mkewe kipande kikubwa zaidi cha mkate. "Haya," alisema. "Tusubiri hiyo mvua yako."

Ilichelewa. Joto lilizidi, Bibi Oleta akasinzia na mdomo wazi, Brielle akapanga vizibo vya chupa kwenye changarawe. Kila mara Royce alifungua simu kutazama bei, akasema "mia na nne" kwa sauti ya mchungaji anayesoma jina la marehemu. Kisha upepo ukageuka. Karatasi za watu ziliruka. Nyuma ya kilima cha Punda Mkaidi wingu lilichomoza, jeusi kwenye tumbo, na kabla Darla hajasema kitu, tone la kwanza lilimwangukia Bibi Oleta katikati ya paji la uso.

"Goti bovu hili," alisema akiamka.

Mvua ilishuka kama ndoo iliyopigwa teke. Waliingia garini wakabanana. Kupitia kioo waliona lango likitapika watu: kina mama wamejifunika mifuko ya plastiki, kina baba wamebeba watoto, vijana wakikimbia pekupeku huku wakicheka. Radi ilipiga. Watu wakaongezeka.

"Tisini na moja!" Royce alipiga kelele, simu iko puani. "Sabini na tatu! Darla, inashuka kama lifti! Hamsini na mbili!"

"Subiri."

"Ikipanda tena?"

"Subiri, nimesema."

"Thelathini na nane!"

"Twende!"

Walikimbia, kama kukimbia ni neno la kumfaa Bibi Oleta, aliyekuwa katikati ya Royce na Darla akiwa amejifunika turubai la matairi. Brielle alitangulia. Dirishani hapakuwa na foleni. Marisol aliwaona wakija, akaweka mkono mdomoni kuficha kicheko.

"Wanne?" aliuliza.

"Wanne," Royce alisema, akizitoa noti zilizolowa.

Marisol hakuzipokea. "Ngoja kwanza, bwana. Ni lazima niwaambie ukweli. Treni zote zimesimama kwa sababu ya radi. Huenda zikafunguliwa, huenda zisifunguliwe tena leo. Na pesa ikishaingia hairudi."

Royce alishusha mkono. "Hii sasa ni kamari."

Darla alijua hesabu bila kuifanya. Pesa ile ilikuwa viatu vya shule, ilikuwa bili ya umeme. Alimgeukia Brielle, ambaye nywele zilikuwa zimemganda usoni.

"Unataka?"

"Ninyi mnataka?"

"Nimekuuliza wewe."

Brielle alimtazama mjomba, akamtazama bibi. Wote wawili waliangalia pembeni kwa makusudi. Mvua iligonga paa la kibanda.

"Nataka," alisema, chini sana hata Marisol akainama kusikiliza.

"Sema tena, mama, mvua inapiga," Marisol alisema.

"Nataka!" Brielle alipaza sauti, na yenyewe ikamshtua.

Royce alisukuma noti chini ya kioo kabla mtu yeyote hajabadili mawazo, hasa yeye.

Langoni walipishana na mwenye shati la machungwa. Alikuwa ameloa mpaka mifukoni, pacha mmoja begani, mwingine amelala kifuani kwa mama yake. Alisimama alipowatambua, kisha akageuka kuutazama ubao wa taa, na uso wake ukabadilika.

"Ninyi mmelipa ngapi?"

Royce alikuwa amelisubiri swali hilo mchana wote. Darla aliliona jibu likimjaa mashavuni. Lakini Royce alimtazama yule mtoto aliyelala, maji yakimtiririka kwenye kisogo.

"Hata sijui, kaka," alisema. "Mama ndiye aliyelipa."

"Bora usijue," mtu yule alisema kwa uchovu, akaenda zake kutafuta gari.

"Leo umekua," Darla alimnong'oneza mumewe.

"Nimeumwa tumbo kwa kulimeza," alijibu.

Ndani palikuwa kama harusi iliyovunjika. Maji yalitiririka barabarani, vibanda vimefungwa nusu, bembea zimesimama hewani. Walikaa chini ya paa la duka la mikate ya kukaanga. Royce alinunua mmoja mkubwa wenye sukari ya unga wakagawana wanne, na muuzaji, kwa kuwa hakuwa na mteja mwingine, akawaongeza wa pili. Walisubiri. Radi ilisogea mbali, ikarudi, ikasogea tena. Darla alihesabu kimya kila ngurumo, huku anajiuliza ni maneno gani atamwambia mtoto wakifungiwa. Hakuyapata. Kwa mara ya kwanza Brielle hakumsaidia kuyatafuta. Alikuwa amekaa amenuna, kidevu mikononi, macho kwenye njia ya mbao ya Punda Mkaidi.

Jua lilikuwa limeshuka sana walipoona kijana wa zamu akipanda ngazi za kituo na matambara, akaanza kufuta viti. Brielle alikuwa ameshaondoka mbio kabla hajamaliza kiti cha kwanza.

"Haya, mjomba mtu," Darla alimwambia Royce. "Nenda ukakae naye."

Royce aliitazama ile njia ilivyopanda, akaitazama ilivyoshuka. "Mimi nitabaki kulinda mikoba."

"Mikoba gani? Hatukuja na mkoba."

"Basi nitalinda turubai."

"Toka hapa," Bibi Oleta alisema, akimtupia turubai kichwani. "Mtu aliyezaa mwoga hana budi kwenda mwenyewe." Akapanda, goti baya na goti zuri, akakaa kiti cha mbele kabisa karibu na mjukuu wake. Darla alikaa nyuma yao.

Treni iling'oka. Tak-tak-tak. Juu kabisa waliiona milima yote imeoshwa, ukungu ukitoka mabondeni kama mvuke wa chungu. Kisha mbele yao hapakuwa na kitu. Bibi Oleta alimwita Mungu kwa majina ambayo kanisani hayatumiki. Na juu ya sauti yake Darla alisikia yowe lingine, jembamba, refu, lisilo na adabu yoyote, likitoka kwa mtoto ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kufunga mlango kwa kishindo.

Walipofika chini, kijana wa zamu alitazama jukwaa tupu, akainua mabega. "Hakuna mtu. Kaeni tu."

Walikaa. Walikwenda tena, na tena. Mara ya nne Royce aliona aibu, akapanda, akafumba macho safari nzima na kudai aliona kila kitu. Bibi Oleta alishuka kupumzika, akarudi. Giza lilipoingia taa zikawashwa juu ya mbao mbichi, na wao wakaendelea kupanda mpaka muziki wa kufunga ukapigwa na kijana akaweka mnyororo mlangoni.

"Ndiyo mwisho, jamani."

"Bado moja," Brielle alisema.

"Tumefunga, mdogo wangu."

"Moja tu!"

"Bri, twende, mama," Darla alisema. "Njia ni ndefu."

"Siendi." Mtoto alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. "Nyie mmenichelewesha kule nje siku nzima! Wengine wamepanda tangu asubuhi! Si haki! Siendi!"

Akakaa chini, kwenye maji, akaanza kulia kwa sauti, kamasi zikimtoka, miguu ikipiga ngazi. Royce na Darla walisimama wakitazamana. Hawakujua la kufanya. Hawakuwahi kuhitaji kujua.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka na watu wake alipunguza mwendo. "Mtoto mkubwa hivyo!" alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika. "Amepewa kila kitu, na shukrani hana."

"Hana hata kidogo!" Darla alimjibu, na mwanamke akashangaa kumwona anacheka na machozi yanamtoka.

Royce aliinama, akamnyanyua mpwa wake, akamtupia begani kama tairi. Brielle alimpiga ngumi za mgongo njia nzima, akipiga kelele kwamba anawachukia wote, pamoja na bibi. Bibi Oleta alifuata akijiegemeza kwenye turubai. Kiatu kimoja cha mtoto kilidondoka karibu na madirisha ya tiketi. Darla alikiokota, akakikung'uta maji, akatembea polepole nyuma yao katikati ya maegesho, bila kumnyamazisha, akiwaachia watu wote wasikie.